Mistari Mitatu kwenye Kreta ya Mirihi

Niwatoe wasiwasi mapema: mimi si bibi. Nina miaka thelathini na minne, na jina la mstaafu nilibandikwa na wenzangu siku waliponiaga, wakaliandika kwenye keki kwa maandishi ya waridi. Lakini kazi nimeiacha kweli. Daktari wa macho alinimulika, akanimulika tena, halafu akasema kioo cha kompyuta sasa basi. Miaka tisa ya kukodolea macho mashimo ya Mirihi, sayari ambayo wengi wenu mliisoma kwa jina la Mars, ilikuwa imetosha.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaopanda ngazi za chumba chetu pale Gungu, Kigoma, na kukalia viti vyetu. Mtaambiwa mengi na mwongozo ulioko kwenye faili. Usomeni, kisha uulizeni maswali. Mimi nitawaambia yale ambayo mwongozo hauyajui.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Chombo kinachoizunguka Mirihi kinapiga picha, picha zinafika kwetu, na sisi tunazungushia mstari kila kreta, yaani kila shimo lililochimbwa na jiwe lililoanguka kutoka angani. Tunaandika upana wake, umbo lake, na kama ukingo wake bado ni mkali au umelika. Wataalamu wa chuo kilichotupa kazi wanayahesabu mashimo hayo ili kukisia umri wa ardhi. Ardhi yenye mashimo mengi imekaa wazi muda mrefu, yenye machache imefunikwa upya karibuni. Hata sufuria ya mama lishe unaweza kuikadiria umri kwa mibonyeo yake.

Swali nililouliza siku ya usaili ndilo lililonipa kazi, ingawa nililiuliza kwa kiburi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina digrii ya jiografia na ubishi wa watu watatu. Mbele yangu alikaa Mzee Yona, mpima ardhi mstaafu, mtu wa Kongwa huko Dodoma, aliyeletwa Kigoma na serikali akiwa kijana akasahau kurudi kwao. Nikamwuliza anajuaje kwamba hizo picha ni za Mirihi na si za jangwa lolote tu la hapa hapa duniani.

"Mimi sijui," akasema. "Ndiyo maana natafuta watu wa kuangalia vizuri."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu mwenye mvi akisema hajui bila kuona aibu. Nikaanza Jumatatu.

Mjue kwamba chumba hicho hakikuzaliwa na uhakika. Mzee Yona alikuwa amesikia kwamba chuo fulani kinatafuta watu wenye subira wa kuchora kreta, akaandika barua kuwaambia kwamba watu hao wapo Kigoma. Aliweka jina lake lote mezani. Wakamjibu: haya, tutawatumia kompyuta tano na kreta moja kubwa ya majaribio, mchore kuta zake na kuhesabu kreta ndogo zilizomo. Ramani yenu ikikubalika, chumba kitabaki. Isipokubalika, kompyuta zirudi. Maboksi ya kompyuta hatukuyatupa. Yalipangwa nyuma ya mlango, na kila ulipoufunga mlango yalikutazama.

Nyumbani kwetu Bangwe hakuna aliyeielewa kazi hii. Mama alisikia neno kreta akauliza kama nitakuwa naona nyumbu. Simlaumu. Mtanzania ukimtajia kreta, akili yake inakwenda Ngorongoro, na Ngorongoro ni mlima wa volkano uliozama katikati. Kreta zetu ni kitu kingine. Hakuna moto uliotoka chini. Ni jiwe limekuja kutoka juu, kwa kasi ambayo mbele yake risasi inafanana na konokono. Linapogonga, kabla hujamaliza kupepesa jicho, mwamba unarushwa pande zote kama maji, jiwe lenyewe linatoweka kwa joto, na pale lilipogonga panabaki bakuli pana kulizidi jiwe mara nyingi sana. Na kama pigo ni kubwa mno, kitako cha bakuli kinaruka kurudi juu na kugandia hapo hapo. Ndiyo maana katikati ya kreta kubwa mtaona kilima kimesimama peke yake. Mimi nilibisha jambo hilo wiki mbili. Mwamba utarukaje?

Mzee Yona hakubishana. Aliteremka chini kwa Mama Rehema, aliyekuwa anatupikia chakula cha mchana, akaazima beseni la unga wa muhogo. Akausawazisha, akanyunyiza majivu juu yake mpaka unga ukawa kijivu, akanipa gololi. Niliidondosha. Unga mweupe ukaruka juu ya majivu na kuchora miale kuzunguka shimo, mirefu na mifupi, na ukingo ukainuka. Nikatoa gololi, nikaidondosha tena kutoka juu zaidi, nikapanda kiti, nikapanda meza. Kassimu, mwenzetu wa Ujiji, akawa anapima miale kwa rula. Mama Rehema akapanda ngazi kutafuta beseni lake, akamkuta mwenye digrii amesimama juu ya meza ameshika gololi. Akasema kama tulitaka kucheza mdako tungemwambia mapema, angetuletea na watoto wenzetu.

Beseni halikunionyesha kilima cha katikati, unga hauwezi hilo. Mzee Yona alikubali kwamba hauwezi, akasema hilo itabidi nilisome kwenye vitabu na kulibishia huko. Lakini tangu siku hiyo nikiona miale kwenye picha, mkono wangu unakumbuka uzito wa gololi. Ninyi nanyi fanyeni. Msome baadaye, mdondoshe kwanza. Na muombe beseni kwa adabu.

Sasa makosa. Wiki ya kwanza nilimpelekea Mzee Yona orodha ya vilima saba vya mviringo, nimevipanga kwa ukubwa, nimeviandikia na maelezo. Akaizungusha picha juu chini. Vilima vyote saba vikadidimia palepale machoni pangu vikawa mashimo. Jicho la binadamu limezoea jua liko juu. Picha ikiwa na mwanga unaotoka chini, shimo linaonekana kilima na kilima shimo, na hakuna digrii inayokuokoa. Kwa hiyo kabla hujagusa mausi, jiulize jua liko wapi. Likiwa upande mbaya, geuza picha. Hata leo nikiingia chumba chochote, kitu cha kwanza ninachotazama ni vivuli vimelalia wapi. Mume wangu anasema ni ugonjwa.

Kosa la Kassimu lilikuwa tamu zaidi, na kwa kuwa yeye amelisimulia kwenye harusi mbili, sioni kwa nini nilifiche. Siku moja alivumbua kundi la kreta ndogo, duara safi kabisa, zenye rangi ya machungwa kwa mbali. Akazichora kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufika picha ya kumi na moja nikamwuliza kwa nini kreta zake zote ziko kona ya chini kushoto. Akasogeza picha. Mirihi ikasogea, kreta zikabaki. Alikuwa amekula mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, aliyeungwa kwa mawese, mbele ya kompyuta, na mawese yalikuwa yamerukia kioo. Mzee Yona alikifuta kwa leso yake, akasema ameishi Kigoma miaka yote hiyo lakini hakujua mawese yamefika mbali kiasi hicho. Kanuni ya kutokula mezani mnayoiona ukutani imetoka hapo, si kwenye mwongozo.

Nawaeleza haya ili mjue tulikuwa watu wa namna gani: wachekeshaji kidogo, wabishi, tunaopenda kazi kuliko tulivyoonyesha. Na ili mjue kwamba nilijiona nimeshapona. Nilishawahi kugeuza picha, nilishawahi kumcheka Kassimu. Nilidhani mtu anayeuliza kila kitu hawezi kudanganyika.

Ndipo nikafika kwenye ile kreta ya majaribio.

Ilikuwa nzuri. Sijui niwaambieje. Mji mzima wa Kigoma na Ujiji pamoja ungekaa ndani yake na bado ungetafutana. Katikati kilima, kukizunguka sakafu tambarare, halafu ukuta unaopanda hadi ukingoni. Na kwenye ukuta huo, upande wa ndani, mistari mitatu. Ilikwenda sambamba, mmoja juu ya mwingine, ikizunguka bakuli kama pindo tatu za kanga.

Mimi nimezaliwa Bangwe, ukingoni mwa ziwa. Mistari ya namna hiyo naijua tangu sijajua kusoma. Ziwa likipanda linaingia uani, likirudi linaacha alama kwenye mawe na kwenye kuta: hapa lilifika mwaka huu, hapa lilifika ule mwingine. Bibi yangu alikuwa na ukuta ambao ungeweza kusoma ziwa lote juu yake. Ujiji nako wazee watakuonyesha pwani ilipokuwa zamani, na sasa ni mtaa. Kwa hiyo nilipoiona mistari ile sikujiuliza ni nini. Niliijua. Ziwa lilikuwa limejaa ndani ya kreta, likashuka, likasimama, likashuka tena.

Nikawaita wenzangu. Hakuna aliyebisha, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kassimu alionyesha kwa kidole sehemu ambayo mialo ya kushushia dagaa ingekuwa, akaiita Kibirizi ya Mirihi, kwa jina la mwalo wetu. Mwingine akasema boti za Ujiji zingetia nanga upande huu kwa sababu ya upepo. Tulikuwa watu watano tuliolelewa na ziwa moja, tumezungukia kioo kimoja, na kila mmoja alimthibitishia mwenzake.

Mzee Yona hakuwepo. Alikuwa Kongwa kwenye msiba wa shemeji yake. Kanuni ilikuwa kwamba hakuna ramani inayotoka bila yeye kuipitia. Lakini siku ya mwisho tuliyopewa ilikuwa imekaribia, simu yake haikupatikana, na mimi, niseme ukweli, nilitaka ramani ile iende na jina langu kabla mtu mwingine hajaiona ile mistari. Nikaandika pembeni yake: *pwani za kale za ziwa*. Nikaituma.

Majibu yalikuja haraka. Mtaalamu aliyekuwa anasimamia kazi yetu chuoni, mama mmoja ambaye sisi tulimwita Daktari tu, aliandika kwamba amefurahi sana. Wiki iliyofuata angesimama mbele ya wataalamu wenzake kueleza maendeleo ya kazi, na ramani yetu angeiweka mbele kabisa. Tuliichapa barua pepe hiyo tukaibandika ukutani. Kassimu alipendekeza tuyachome yale maboksi ya nyuma ya mlango.

Mzee Yona akarudi mwanzoni mwa wiki hiyo, amechoka na safari, ana vumbi la treni kwenye kofia. Tukamkalisha kwenye kiti, tukamfungulia ramani kama watu wanaofungulia mtu zawadi. Aliitazama muda mrefu. Alisifia mkono wangu. Alisema mstari umetulia, hautetemeki. Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa katikati, upande wa mashariki.

"Hapa urefu wake kwenda juu ni kiasi gani?"

Sikuwa nimepima. Vipimo vya urefu vilikuwa kwenye faili lingine, na mimi sikuona haja. Akasogeza kidole kufuata mstari ule ule mpaka upande wa magharibi.

"Na hapa?"

Kassimu alijaribu kuokoa hali kwa utani, kama ilivyo desturi yake. Alisema, "Mzee, wewe kwenu Dodoma ziwa mmeliona kwenye kalenda."

"Ndiyo maana silioni mahali lisipokuwepo," Mzee Yona akasema.

Alisema kwa upole, wala hakumtazama mtu. Nikafungua lile faili. Nikapima upande wa mashariki, nikaandika. Nikapima magharibi, nikaandika. Nikarudia, kwa sababu nilidhani nimebonyeza vibaya. Mstari ule mmoja, niliousema ni ukingo wa maji, ulikuwa juu sana upande mmoja na chini sana upande wa pili. Tofauti yake ilikuwa kilima kizima. Wa juu yake ulikuwa hivyo hivyo, ila ulipinda kwingine. Wa chini ulipotea katikati ukaanza tena mahali pengine.

Mnaolijua ziwa mmeshaelewa. Maji yametulia usawa mmoja. Hakuna pwani inayopanda mlima upande huu na kuteremka upande ule. Mtoto wa Bangwe wa miaka sita anaijua hiyo, na mimi niliijua, lakini nilikuwa nimeona kitu cha nyumbani na mtu hakiulizi maswali kitu cha nyumbani. Ndiyo kasoro ya ubishi wangu, na nawaomba muikague kwenu pia: nilikuwa nabishia vya wageni tu.

Chini Mama Rehema alikuwa anatwanga kisamvu, tukawa tunasikia mchi.

Kassimu ndiye aliyesema tulichokuwa tunafikiri wote. Ramani imeshakwenda, imeshapendwa. "Nani atakwenda kupima?" akasema. "Mirihi hakuna mtendaji wa kata." Baadhi walicheka, kicheko kile cha kutafuta pa kutokea. Na hakuwa mjinga. Tukiandika kwamba ramani ya majaribio ina kosa, na kosa lenyewe ni la kutopima, na imetumwa kinyume cha kanuni, tumewapa sababu tatu za kuzirudisha kompyuta kwenye maboksi. Watu watano kazi hakuna. Na Mzee Yona, aliyeandika kwamba Kigoma kuna watu wa kuangalia vizuri, angebaki Gungu akiulizwa kila siku na majirani ile ofisi yake iliishia wapi.

Nilimtazama yeye. Nilitaka anikaripie, kwa kweli ingekuwa nafuu. Akavua kofia, akaikung'uta vumbi pole pole.

"Daktari atasimama mbele ya watu lini?"

Nikamwambia Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Basi muda upo," akasema. "Barua ni yako, binti. Ukiiandika, nitaweka jina langu juu ya lako, kwa sababu mkuu wa chumba ni mimi na mlango niliuacha wazi. Usipoiandika, nitaiandika mwenyewe, na lako sitalitaja."

Nimefikiria sana maneno hayo tangu wakati ule. Hakunitisha na hakunibembeleza. Aliniachia njia mbili, na katika zote mbili mzigo ameubeba yeye. Nilikuwa nimesoma na maprofesa waliojua mara mia zaidi yake kuhusu sayari. Sijui kama kuna hata mmoja ambaye angevua kofia namna ile.

Niliandika. Niliandika mara nne, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na visingizio, ya pili ilikuwa na machozi, ya tatu ilimtaja Kassimu. Ya nne ilisema hivi: mistari mitatu niliyoiita pwani za ziwa haina usawa, vipimo vyake hivi hapa, sikuvipima kabla ya kutuma, tafadhali usiioneshe ramani hiyo. Wakati wa kutuma umeme ukakatika, ukachukua intaneti ya jengo. Nikaituma kwa simu yangu, nimesimama dirishani nikitafuta mtandao, na Mzee Yona amesimama kando yangu kana kwamba tunasubiri basi.

Jumanne hakuna jibu. Jumatano hakuna. Tuliendelea kufanya kazi, lakini si kazi tuliyoagizwa. Tulipima upya kila kitu tulichowahi kuchora: kila ukingo, kila kilima. Tulikuta makosa mengine mawili, madogo, tukayatuma nayo. Kassimu alisema ikiwa tunakwenda gerezani, twende na mizigo yote. Halafu akarudi kwenye kioo chake na nilimwona anapima kitu kimoja mara tatu.

Alhamisi mchana Daktari akapiga simu. Mzee Yona akaiweka mezani ili wote tusikie. Mama yule hakuwa na hasira, na pia hakutupaka mafuta. Alisema ramani ya kuta aliiondoa kwenye maelezo yake asubuhi ile, akaonyesha hesabu ya kreta peke yake. Alisema kama angesimama na zile pwani mbele ya watu wale, wangezibomoa kwa swali moja, na swali lenyewe lingekuwa lile lile la Mzee Yona. Kisha akatoa uamuzi. Sehemu ya kuhesabu tumefaulu. Sehemu ya kuta tumefeli. Chumba kitabaki, lakini kwa mwaka mzima tutachora tu, hatutaruhusiwa kuandika tafsiri yoyote, na kila mstari utakaotoka utakuwa na kipimo chake cha urefu. Ile kreta tuirekebishe, tumpelekee upya.

Mimi nilisikia neno *tumefeli*. Mzee Yona alisikia neno *kitabaki*. Alikohoa, akashukuru, akamwuliza Daktari habari za nyumbani kwake kama inavyotakiwa, akakata simu. Halafu akageuka upande wa dirisha na kujifuta uso kwa leso, akasema vumbi la treni bado halijamtoka. Hakuna aliyembishia, hata mimi.

Mwaka huo wa kuchora bila kusema ndio uliotufundisha kazi. Mtu asiporuhusiwa kutaja kitu, anabaki na kukitazama tu, na kutazama ni kugumu kuliko mnavyodhani. Nilijifunza kutofautisha kreta ya jiwe la angani na zile za mabaki yaliyorushwa na pigo lake, ambazo huja kwa mafungu na minyororo. Msizihesabu pamoja, mtaizeesha ardhi bure. Nilijifunza kuitilia shaka duara iliyo safi mno. Na jambo ambalo hamtaliona kwenye mwongozo: ukijikuta umefurahi kabla hujapima, simama, kanywe maji, mwite mtu wa mkoa mwingine aje atazame. Tangu siku ile chumba chetu hakijawahi kuwa na watu wa Kigoma watupu. Mzee Yona alihakikisha kuna wa Mtwara, kuna wa Singida, kuna wa Mbeya anayekukumbusha kila siku kwamba upande wa kwao kipo kimondo kizima na shimo lake halijulikani lilipo. Kila mmoja anaona vya kwao. Kosa la mmoja linagongana na la mwenzake.

Lakini ile Alhamisi nisiiruke. Baada ya simu, Mzee Yona alivuta kiti akakaa kando yangu na kusema tufute.

Nilifuta mstari wa juu. Nilifuta wa katikati. Wa chini mkono ulisita, nikaufuta. Ramani ikarudi kuwa picha, na kwa mara ya kwanza tangu niipate kreta ile niliitazama bila kuwa na la kusema. Niliwaambia ilikuwa nzuri. Sikuwa nimeiona. Zile hazikuwa alama juu ya ukuta, ulikuwa ni ukuta wenyewe. Jiwe lilikuwa limechimba shimo kubwa kuliko mwamba unavyoweza kuvumilia, na kingo zikashindwa kusimama. Zikakatika vipande virefu kama mitaa, vikateleza kuelekea chini, kimoja kikakwama, cha nyuma yake kikateleza kikakwama juu yake, na cha tatu. Kimoja kimeegemea upande, kingine kimepasuka katikati. Yote hayo yalitokea kwa muda ambao Mama Rehema angeivisha chai. Kisha kukawa kimya, na hakuna kilichovigusa tena ila upepo na vumbi, mpaka sisi tukaja na ziwa letu.

Wenzangu walikuwa wamesogea nyuma yangu. Kassimu akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa, sasa pale tuandike nini.

Nilimkumbusha kwamba hatuna ruhusa ya kutafsiri.

"Andikeni mnachokiona," akasema Mzee Yona. "Hicho hakihitaji ruhusa."

Nikapima kila hatua mashariki na magharibi, wakanisomea urefu kwa zamu huku wakinirekebisha. Kisha nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo ambazo mtazikuta mpaka leo mkifungua faili la kwanza: *Ukuta umeporomoka hatua tatu. Hazina usawa. Maji hayajaonekana.*